Mgeni Asiyepewa Jembe

Ukiniuliza kinachonivutia katika meli za kifahari za utalii, sitataja shuka laini wala kamba kochi mezani. Kinachonivutia ni kwamba hakuna anayekuletea bili.

Meli za kawaida zina mtindo wake. Nauli hutangazwa ndogo, unafurahi, unapanda. Ukishakuwa baharini ndipo unapogundua kuwa soda ina bei yake, intaneti ina bei yake, na mgahawa ule mzuri nao una bei yake. Bakshishi ya wahudumu hukatwa kila siku, mara nyingi dola 16 hadi 20 kwa kila kichwa, mtoto naye akihesabiwa. Usiku wa mwisho unakaa unahakiki hesabu kama karani wa ghala, na likizo imeshakutoka kabla meli haijafunga gati.

Kampuni kama Silversea na Regent Seven Seas zimejipatia jina kwa kuondoa karaha hiyo. Vinywaji, bakshishi na intaneti vimo ndani ya nauli. Regent huingiza hata matembezi mengi ya bandarini. Watu nao ni wachache. Seven Seas Explorer, meli ya Regent iliyoanza kazi 2016, huchukua abiria wapatao 750, ilhali Icon of the Seas ya 2024, iliyo katika zile za kawaida, ikijaa hubeba hadi 7,600. Huo ni mji mdogo unaoelea, na foleni zake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Meli hizi zinauza ugeni ambao siku ya tatu haifiki. Na kwangu hilo la bakshishi ndilo kubwa kuliko yote. Anayekutandikia kitanda pengine ametoka Ufilipino au Indonesia, ana miezi kadhaa hajaiona familia yake, na sipendi kila tabasamu lake linifanye nipapase mfukoni. Malipo yake yakishapangwa, tunaweza kusalimiana kama watu.

Bure, hata hivyo, hakuna. Safari ya wiki moja hugharimu maelfu ya dola kwa mtu, na shampeni ya jirani yako imo humo. Asiyekunywa pombe, na kwetu pwani ni wengi, analipia glasi ambazo hatazigusa. Juisi ya embe unywe hadi uchoke, hutaifidia tofauti hiyo.

Lakini vijitabu vyao vya kung'aa vinaposema safari haina usumbufu, vinamsemesha mtu mwenye pasipoti fulani. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anayetaka kuzunguka Mediterania huanza na viza ya Schengen, yaani ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwamo: euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, taarifa za benki, na bima isiyopungua euro 30,000. Halafu kuna mtego ambao wengi hawaufikirii. Meli ikitoka Ugiriki, ikatia nanga Uturuki kisha ikarudi Ugiriki, wewe umetoka eneo la Schengen na unaingia tena. Viza ya kuingia mara moja haikutoshi. Kampuni haitakuombea viza. Kazi yake ni kukagua karatasi zako pale gatini, na zikipungua unabaki nchi kavu na sanduku lako. Nauli iliyojumuisha kila kitu haikujumuisha ubalozi.

Ndiyo maana ningekuwa na hela hizo, nisingeanzia Barcelona. Meli hizi za kifahari hupita pia Bahari ya Hindi, zikigusa Mombasa, Zanzibar na Shelisheli, na nyingine hushuka hadi Cape Town. Mtanzania na Mkenya huingia Morisi na Afrika Kusini bila kuomba viza kabla, na Shelisheli ni kibali cha mtandaoni tu. Hapo ndipo neno la vijitabu lingekuwa kweli hata kwetu. Ningeyakataa matembezi ya Mji Mkongwe yaliyokwishalipiwa, maana sihitaji mtu wa kunionyesha soko la Darajani, ila kila kingine ningekila na kukinywa bila kuuliza bei.