Jando lina siku zake, vita havina

Barazani Tanga, vita vya 1914, vile vya Waingereza na Wajerumani, vikitajwa, hoja moja haikosi msemaji: vijana waliobebeshwa mizigo hawakuwa watoto. Walishatoka jando, walijua kasia na jembe, na kwa desturi ya pwani mvulana wa miaka 15 ni mtu wa kutumwa. Kuwaita watoto leo ni kuwapima kwa pishi ya wageni.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kipimo cha miaka 18 ni cha juzi: Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto ni wa 1990, Sheria ya Mtoto ya kwetu ni ya 2009. Tena, baba akishachukuliwa, kijana ndiye aliyebaki kulisha nyumba, na kumwita mtoto kunaweza kuifuta kazi hiyo.

Ila desturi hiyohiyo, ukiichungulia, inawageuka wanaoitegemea. Aliyeingia kumbini, kambi ya jando, aliingia na rika lake. Kulikuwa na wa kumtazama kidonda, wa kumpikia, wa kumfunda, na siku ya kutoka ilijulikana, akarudishwa kwao kwa ngoma. Baada ya hapo kazi ziliongezwa taratibu, mkubwa akiwa karibu.

Vita havikuongeza kitu taratibu. Waingereza waliteremka Ras Kasone, pwani ya Tanga, Novemba 1914 wakafukuzwa; waliutwaa mji Julai 1916, kisha majeshi yakaelekea kusini. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, kwa hiyo shehena ikahamia vichwani mwa watu. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60, karibu kilo 27. Umri ulikadiriwa kwa macho. Kijana wa kilo 45 akitwishwa huo amebeba zaidi ya nusu ya uzito wake, na ngata humpunguzia kichwa tu. Shingo, magoti na nyayo hazina ngata.

Chakula nacho kiliua. Posho ilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya, na unga wa chenga unataka moto wa muda mrefu. Kuni zimelowa, sufuria hazitoshi, mwili umechoka: ugali unaliwa mbichi, tumbo linakwaruzika, kuhara damu kunafuata. Waliozoea wali na ndizi waliumia zaidi. Kwa hesabu rasmi, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanazidi 40,000, wengi kwa maradhi, si kwa risasi.

Upande wa Wajerumani kulikuwa na maboi, vijana waliomfuata askari wakimbebea vyombo na kumpikia. Hapa watetezi wana neno: boi alikuwa na mkubwa wake, hakutupwa kama mpagazi. Ni kweli kiasi. Lakini mkubwa huyo naye alikuwa njiani kwenda kupigana, na safari ilikoma Novemba 1918, mbali na pwani, Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia.

Kwa hiyo bishano la miaka 15 au 18 linatuchelewesha bure. Tuulize kila kijana alikuwa na nani usiku alipoanza kuhara. Na mshahara wake ulimfikia nani, maana malipo ya wapagazi wengi waliokufa hayakufika kwao: majina yaliandikwa vibaya, na ndugu hawakupatikana. Kumbini, mama alijua mwanawe yuko wapi na anatoka lini.