Nani kampelekea mzazi uji?

Mwaka jana, wiki ileile tuliyokuwa na semina ya siku tatu kanisani kwetu, dada mmoja wa kwaya alijifungua mtoto wa kike. Anakaa Fuoni, hapa Unguja, chumba kimoja cha kupanga, uani kwa watu. Mumewe yuko bara, ni utingo wa gari la mizigo. Yeye mwenyewe hufua mashuka kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki, na alikuwa amerudi mjini kusubiri uzazi. Tulijua kuwa ana mimba. Kwenye daftari la kwaya, mbele ya jina lake, paliandikwa "hayupo" Jumapili tatu mfululizo. Mwandiko ni wangu.

Semina iliisha Jumapili. Jumanne nikaenda kwake, na nisiseme uongo, nilikwenda kuulizia mchango wake wa sare.

Nilipopiga hodi aliyeitikia hakuwa yeye. Alikuwa bibi wa nyumba ya pili, Mwislamu, ambaye mtaa mzima humwita Bi Mkubwa. Amekaa kwenye kibao mbele ya jiko la mkaa, anakoroga uji wa pilipili manga, na uani pote pananukia. Ndoo ya maji ya moto ilikuwa pembeni, na kanga iliyolowa imeanikwa juu ya kamba. Tangu mzazi arudi kutoka hospitali, bibi huyu alikuwa akimkanda asubuhi na jioni, anamchemshia uji, na mchana humpikia mchuzi wa chukuchuku. Hakuna aliyemtuma. Alimsikia mtoto akilia usiku, akauliza mama wa huyu mzazi yuko wapi, akaambiwa yuko bara.

Akanitazama, akaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, nyie wenzake mlikuwa wapi? Huyu hana mama hapa, hana shangazi."

Risiti ilikuwa mkobani. Sikuitoa.

Tulikuwa wapi? Tulikuwa chini ya turubai. Tulikuwa na viti vya kukodi, spika mbili, maji ya chupa, na mgeni rasmi aliyevuka na boti kutoka Dar es Salaam. Mada ya siku ya pili ilikuwa upendo wa ndugu, na mhubiri aliifundisha vizuri, bado ninayo niliyoandika. Waliopanga semina ile ni watu wema, nami nilikuwa mmoja wao. Kwa hiyo simtafuti mchawi. Ninachosema ni kwamba tulikuwa na ratiba ya kila kitu, lakini hatukuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake, au tuseme mazoea yake, ni kuuliza jioni: fulani sijamwona, yuko salama?

Wakristo wa Unguja na Pemba ni wachache, na wengi wetu tumekuja. Walimu wa skuli, askari, manesi, wapishi na wahudumu wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje. Mama zetu wako Muheza, Songea, Mwanza, Moshi. Mtu akiugua hapa hana kaka wa kumbeba. Akifariki, jambo la kwanza ni mchango wa kuusafirisha mwili kwa boti. Nimeshuhudia msiba ambao mchango ulitimia kwa siku moja, lakini usiku ule mjane alilala na majirani wa Kiislamu wawili, kwa sababu sisi tulikuwa kwenye kikao cha kuhesabu pesa. Zilihitajika, sikatai. Lakini watu thelathini kuhesabu pesa!

Watu wetu wa mwanzo hapa walikuwa na upweke kama huu, na wao hawakwenda popote kutafuta kazi, waliletwa kwa minyororo. Wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walipofika Unguja mwaka 1864, Sultani alimkabidhi Askofu Tozer watoto watano wa kiume waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Wakati huo hapakuwa na kanisa kuu la Mkunazini. Soko la watumwa lilikuwa bado linafanya biashara, na lilifungwa mwaka 1873. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mwishoni mwa mwaka huohuo, palepale sokoni. Miaka tisa kabla ya jiwe hilo palikuwa na nyumba, na ndani yake watoto watano wanaokula na kulala pamoja. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879.

Kisha ikaja Mbweni, ya hapa Unguja. Shamba lilinunuliwa mwaka 1871, wakawekwa huko watu waliookolewa kwenye majahazi: Myao, Mmakua, Mnyasa, kila mmoja na lugha yake, hakuna aliyejua kwao ni njia ipi. Walijenga vibanda, wakalima, wakaoana, wakazikana. Sisemi ilikuwa peponi. Wamisionari walikuwa na sheria zao na mkono wao ulikuwa mzito, na ukisoma habari za pale unaona wazi nani alikuwa akiamua. Hata hivyo, watu waliopotezewa ukoo walipata ukoo, na waliupata kwa sababu mlango wa huyu ulikuwa unatazamana na mlango wa yule. Nikipita Mbweni kwenye daladala na kuyaona majumba yalivyojaa leo, humo ndimo mawazo yangu huenda.

Sasa mtu ataniambia, mwalimu, wewe unataka tufute kamati. Sitaki. Kamati ya kwanza ninayoijua katika Kanisa imo katika Matendo ya Mitume sura ya 6, na ilizaliwa kwa sababu wajane wa Wayahudi wanaosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye mgawo wa chakula wa kila siku. Wakachaguliwa watu saba ili wajane wapate kula. Njaa ilitangulia, kamati ikafuata. Kwetu sisi kamati hutangulia, halafu tunatafuta kitu cha kuipa ifanye, na mara nyingi tunachopata ni semina.

Tena soma sura ya pili, pale wanapomega mkate nyumba kwa nyumba. Nimeusoma mstari huo tangu nikiwa Jumapili ya watoto, nikidhani ni habari ya ibada. Siku ile uani Fuoni, jiko mbele yangu, ndipo nilipoona kwamba kuna nyumba ndani yake. Mtu akimega mkate nyumbani mwako anakiona kitanda chako. Anajua kama unga umekwisha. Kanisani wote tumepiga pasi.

Wenzetu Wakatoliki waliliona hili zamani. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi mwaka 1976 waliamua kuwa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe ndio kipaumbele chao, na leo ukitaja neno jumuiya kila Mkatoliki wa Tanzania anajua unasema nini. Nimekaribishwa mara kadhaa. Nyingine zinapumua kweli, watu wanajuana hadi majina ya wajukuu. Nyingine zimekuwa kanisa kubwa lililokatwa vipande: somo, sala, bahasha, matangazo, tuonane wiki ijayo. Basi hata nyumba ya mtu inaweza kugeuka ukumbi.

Kuna hoja moja naiheshimu kuliko zote. Watu wa hoteli wanasema, sisi hatuna Jumapili. Mgeni anataka chai yake Jumapili kama siku nyingine, zamu ni zamu. Mchungaji mmoja aliwahi kulisema hili kama malalamiko, kwamba vijana wa pwani hawahudhurii. Mimi naligeuza. Kama imani yetu inaishi kwenye ratiba ya Jumapili saa tatu, basi tumewaambia nusu ya watu wetu kwamba hawamo. Ratiba humhesabu aliyekuja. Wa kumkosa asiyekuja ni jirani, na jirani hana zamu.

Tangu mwaka jana tuko nyumba sita, kati ya Fuoni na Tomondo. Hatuna jina na hatukuomba kibali cha kuwa kikundi, ingawa wazee wa kanisa wanajua. Kila Alhamisi jioni tunakula kwa mmoja wetu kilichopo: wali na maharage, mara muhogo wa nazi, siku mwenye nyumba amepokea mshahara tunapata samaki. Tunasali kabla ya kula, mara nyingine na baada. Funguo ya chumba changu iko kwa jirani, na ya kwake iko kwangu. Mtoto wa nesi anapitia kwangu akitoka skuli, mama yake akiwa zamu ya usiku analala hapahapa.

Ugomvi tumeupata pia. Mmoja alikopa fedha kwa mwenzake, hakulipa kwa wakati, maneno yakatoka, na kwa miezi miwili nyumba ile haikuja. Kwenye kikao angeandikiwa barua. Sisi tulimpelekea sahani yake kila Alhamisi, imefunikwa kawa, mtoto anabisha mlango na kuiacha. Mara tatu sahani ilirudi imeoshwa, bila neno. Mara ya nne ilirudi na maembe mawili ndani yake. Deni bado halijaisha, lakini sasa linazungumzika.

Na Bi Mkubwa tunapelekeana. Ramadhani iliyopita yeye alituletea tambi za kukaanga na mkate wa kumimina wakati wa futari, sisi tukampelekea sukari na tende. Hatujadiliani dini. Siku moja tu aliniuliza kama kitabu chetu nacho kinamtaja jirani. Nikamwambia kinamtaja sana. Akasema vyema.

Yule dada amerudi kazini na mtoto wake. Amepata chumba karibu na hoteli, upande wa Paje, ili asisafiri kila siku. Wiki iliyopita Bi Mkubwa alinisimamisha njiani, mimi natoka dukani na boflo mkononi. "Yule mtoto wetu kahamia pwani," akasema. "Huko mna mtu?"

Nikamwambia ngoja niulizie. Jioni ile nilipiga simu tatu. Mbili hazikupokelewa. Ya tatu ilikuwa ya kijana mmoja wa jikoni, wa Songea, ambaye kanisani tulikuwa hatujamwona tangu Pasaka. Nikamtajia jina la dada, nikamwelekeza chumba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, huyo mbona ni nyumba ya nne kutoka kwangu? Ngoja nivae viatu."