Kikae nacho kinastahili mgeni wake

Mhudumu wa mgahawa mmoja hapa Stornoway, mji wa visiwani Uskoti, alikuwa akibishana kwa Kigaeli, lugha ya asili ya huku, na mzee wa meza ya pili. Alipofika kwangu akasema Kiingereza, akachukua oda yangu, akarudi kwenye ubishi wao. Hakuna aliyeniimbia wala kunivalia vazi la asili. Nimefurahi sana, na papo hapo nikashikwa na uchungu wa Unguja yetu.

Najua mtakachosema: kapanda ndege, sasa anatufundisha. Mimi ni mtu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, kunakosemwa lahaja ya Kikae, na ukaazi wa Glasgow haujanibadilisha kabila. Nasema kwa sababu kwetu kunaniuma.

Visiwa hivi vya magharibi ya Uskoti, vibao vya barabarani vinatanguliza Kigaeli. Kisiwani Skye kuna chuo, Sabhal Mòr Ostaig, kilichoanzishwa 1973 kwenye majengo ya zamani ya shamba. Kiangazi watu wanatoka nchi za mbali kuja kusoma lugha wiki moja. Wanalala huko, wanakula huko, jioni wanajifunza nyimbo. Pesa ya mgeni inamfikia mwalimu na mwimbaji kwa sababu wanajua Kigaeli. Kwetu mgeni analipia bahari. Kundi la taarabu linaitwa hotelini kupiga kando ya bwawa watu wakila, kwa ujira ambao mpiga ala ya kanuni anaona haya kuutaja nyumbani.

"Kigaeli kinakufa, Kiswahili kina mamilioni." Kweli, sensa ya 2022 imekuta wasemaji kama 70,000 tu Uskoti nzima, na hata visiwani humu sasa hawafiki nusu ya watu. Lakini mwenzake Kigaeli kwetu si Kiswahili cha redioni. Ni lahaja zetu za vijijini: ni Kikae cha kusini, ni Kitumbatu cha kaskazini. Mtoto wa Kusini akisema darasani kama anavyosema bibi yake, anachekwa. Waskoti wamepita hapo hapo: sheria yao ya elimu ya 1872 haikukipa Kigaeli nafasi yoyote, vizazi vikakua vikikionea haya, na sheria ya kukilinda ikaja 2005. Wamechelewa mno! Sisi bado tunao mabibi zetu.

Wala sisemi huku ni peponi. Nyumba za visiwani zinanunuliwa na watu wa mbali kwa ajili ya likizo, na kijana msemaji wa Kigaeli anakosa pa kuishi. Nani wa Paje, kwenye pwani yetu ya hoteli, asiyelijua hilo? Ndiyo maana nataka utalii uingie kupitia lugha, maana ukiingia kupitia viwanja peke yake, mwenyeji anahama na maneno yake.

"Wageni hawataki Kikae, wanataka pwani." Nani kawauliza? TAKILUKI, taasisi ya Zanzibar ya Kiswahili na lugha za kigeni, ilifundisha wageni Kiswahili mjini miaka na miaka, na walikuja. Basi liwekwe darasa Makunduchi, mwalimu awe bibi wa hapo hapo na alipwe kama mwalimu. Mgeni alale kijijini, asuke ukili na kina mama, ili siku ya Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, ajue wanawake wanaimba nini wakati wanaume wanapigana kwa migomba. Leo anapiga picha kibanda cha mila kikichomwa, kisha gari la hoteli linamrudisha ufukweni. Na msiniambie kijijini hana nafasi, ilhali mila ya siku ile inataka kila nyumba iwe na mgeni.