Kiti cha gari cha mtoto, Lamu? Cha nini?

Ukisafiri na mtoto kwa ndege, kinachoudhi ni kukabidhiwa kigari chake cha kusukuma pale Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, kikiwa na gurudumu limepinda. Kigari kisichofungwa hufunguka kikisukumwa kati ya mizigo, na hapo ndipo fremu hupinda. Kifunge mkanda sehemu mbili, vua kivuli na kikapu cha chini, magurudumu yanayochomoka yatie mfukoni. Kama kinatengana vipande viwili, dai lebo kwa kila kipande. Lebo moja ndiyo huleta ile habari ya "kiti kimefika, miguu imebaki Nairobi".

Kiti cha gari ndicho balaa lenyewe. Mtoto wa kupakatwa hakukatiwa kiti ndegeni, kwa hiyo kiti chake cha gari huenda chini na masanduku. Kikigongwa, ufa hujificha kwenye povu chini ya kitambaa. Vua kitambaa ukague kabla ya kumfunga mtoto tena.

Na baada ya mahangaiko yote hayo? Unavuka kwa boti, unaingia mji wa kwenda kwa miguu na punda. Utakifunga wapi, kwenye matandiko ya punda? Kiache kwa jamaa Nairobi. Ukishukia Malindi mambo ni mengine, kiti kina kazi ukikodi gari. Ila kwenye tuktuk hakuna mkanda wa kukishika.

Kigari nacho, vichochoro vya Lamu vina ngazi na mitaro inayomeza magurudumu madogo. Leso ya kumbebea mgongoni inatosha, na haidai lebo.