Salio Halitoshi Ukweni

Fundi aliyenitangulia ofisini alihamia Mwanza akaniachia kiti kibovu, nywila iliyoandikwa nyuma ya kalenda, na skripti, yaani programu fupi inayojiendesha, aliyoisifu mpaka siku ya kuagana. Ofisi yenyewe inauza tiketi za boti zinazotoka Kibirizi, hapa Kigoma, kwenda vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, na abiria siku hizi wanalipa kwa simu. Malipo yanapitia kwenye seva iliyoko Dar es Salaam. Kila baada ya dakika 5 ile skripti inaingia kwenye seva kwa `ssh`, inapekua logi, daftari la matukio ya seva, kwa `grep` kutafuta malipo yaliyokataliwa, inachukua mstari wa mwisho, na kama ni mpya inamtumia ujumbe Mzee mwenye boti. Mzee ndiye aliyeutaka huo ujumbe. Kompyuta haiamini, anaamini kitochi chake.

"Hii haikwami," fundi aliniambia, kidole kikiwa kwenye kioo. "Nimeiwekea muda." Na kweli alikuwa ameandika `ConnectTimeout=10`: seva isipopokea ndani ya sekunde 10, skripti inakata tamaa na kwenda zake. Sasa huo ni muda wa kubisha hodi tu. Ukishakaribishwa ndani, ukaketi mkekani na kuambiwa chakula kinakuja, hakuna palipoandikwa utakaa na njaa hadi lini.

Jumamosi moja usiku chakula hakikuja. Logi za kule Dar zinakaa kwenye diski ya pembeni iliyounganishwa na seva kwa mtandao, na usiku huo diski ikazubaa. Seva yenyewe ilikuwa na afya tele: inaitika, inafungua mlango, inaanzisha `grep`. `grep` inaomba kusoma faili, faili halisomeki, basi inasubiri. Haina haraka wala hasira. Dakika 5 zikipita, cron, mpangaji wa ratiba wa kompyuta yetu, inatuma skripti nyingine, nayo inakaribishwa. Skripti 12 kwa saa, usiku kucha, na hakuna iliyouliza mbona zilizotangulia hazijarudi.

Mimi nilikuwa nimelala. Kesho yake tulikuwa na posa Ujiji.

Mzee alikuwa anamposea mwanawe, na alinitia kwenye msafara kwa sababu, kwa maneno yake, nina kanzu safi na siongei sana. Kazi yangu ilikuwa kubeba sukari. Tulipokelewa vizuri mno, kahawa na kashata zikapita. Mbele yetu alikaa shangazi wa binti, mama mtulivu ambaye kabla hatujaketi macho yake yalishamaliza kuihesabu ile sukari.

Mshenga wetu akakohoa, akasema: "Tumekuja na laki nane mkononi. Zilizobaki, giza likiingia."

Asiye wa huku asidhani ni fumbo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanalala na fedha inalala nao. Shangazi alikuwa anaitikia kwa kichwa kabisa.

Ndipo kitochi cha Mzee kikalia.

Siku hiyo ziwa lilikuwa limechafuka na Mzee alikuwa na boti majini, kwa hiyo hakuthubutu kuupuuza ujumbe. Miwani alikuwa ameisahau nyumbani. Akampa simu mjukuu wake, mtoto wa darasa la tatu aliyefundishwa kusoma kwa sauti ili hata wa dawati la nyuma wasikie.

"Malipo yamekataliwa. Salio halitoshi."

Mzee akacheka kidogo, akasema ni mambo ya ofisini. Simu ikalia tena.

"Malipo yamekataliwa. Salio halitoshi."

"Basi, baba, usisome tena."

"Sisomi, babu. Ila imekuja nyingine na ni ileile. Salio halitoshi."

Diski ya Dar ilikuwa imezinduka. `grep` zote zilizokesha zikasoma faili kwa pamoja na zote zikarudi na mstari uleule wa mwisho: abiria mmoja, huko aliko, aliyejaribu kukata tiketi bila fedha. Skripti ilipaswa kujua kwamba ujumbe huo umeshatumwa, lakini fundi wetu aliiandika isome kumbukumbu ya ilichotuma mwisho kabla ya kwenda Dar, si baada ya kurudi. Kwa hiyo kila moja ilikuwa bado imeshika habari za Jumamosi, na kila moja ikajiona ndiyo ya kwanza kuleta jipya.

Mzee akanyakua simu ili aizime. Vitufe vya kitochi kile vimefutika namba zamani. Akabonyeza, tochi ikawaka, moja kwa moja usoni kwa shangazi. Akabonyeza tena, redio ikaanza kukoroma. Katikati ya mkoromo ujumbe ukaendelea kuingia, ti-ti, ti-ti, na mtoto akitembeza midomo bila sauti, maana amekatazwa kusoma.

Nikatoa simu yangu chini ya kanzu, nikaingia kwenye kompyuta yetu ya ofisini, iliyoko Mwanga hapa mjini, ili niziue skripti zote. Nikaandika `pkill`. Kibodi ikanisahihisha: pilau. Nikafuta, nikaandika tena. Pilau. Mzee wa upande wa pili aliyekuwa kushoto kwangu akachungulia, akanipigapiga goti kwa huruma.

"Subiri kidogo, kijana wangu. Kinaletwa."

Mara ya tatu ikakubali na skripti zikafa. Haikusaidia kitu. Ujumbe ulikuwa umeshatoka mikononi mwetu, umepanga foleni kwa wasambazaji, na foleni ile ikaendelea kuteremka kwa utaratibu wa kupendeza.

"Mshenga," shangazi akasema hatimaye, "sisi na kijana wenu hatuna neno. Lakini simu hiyo inajua kitu. Hizo za giza mtatupa leoleo."

Tukatoka uani kuchanga. Mimi nilitoa elfu ishirini, na ninaandika hapa kwa sababu Mzee husoma kila kitu akiwa na miwani.

Jumatatu nikaishika ile skripti. Rafiki mmoja alipendekeza `ServerAliveInterval`, nikamwambia hiyo inamkamata aliyekata mawasiliano, na seva yetu ilikuwa inaitika "nipo, nipo" usiku mzima. Nilichoweka ni `timeout`, amri inayokatiza kazi muda wake ukiisha, mara mbili: sekunde 60 mbele ya `ssh` ya huku, na sekunde 45 mbele ya `grep` kulekule kwenye seva, kwa kuwa ukiiua `ssh` ya Kigoma, `grep` ya Dar inaweza kubaki imekaa peke yake. Nikaongeza `-k` kwa ile isiyosikia ikiombwa kwa upole, na `flock` ili skripti mpya isitoke kama ya kwanza haijarudi. Muda ukipita, `timeout` hurudisha namba 124. Ikibidi kuua kwa nguvu, inakuja 137. Zote mbili nikazipa ujumbe mmoja mfupi wa kumjulisha Mzee, wenye heshima zake.

Wiki haikuisha diski ikazubaa tena, saa tisa usiku. Safari hii skripti ilingoja muda wake, ikakata, ikatuma taarifa. Nilifurahi sana nilipokuja kuiona. Ila kabla ya kuiona nilipigiwa simu.

"Kijana." Sauti ya Mzee ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekaa kitandani. "Nimevaa miwani, nimesoma mwenyewe. Umeniandikia, 'Shikamoo Mzee, muda umekwisha.' Na sasa hivi umeingia mwingine, nao unasema hivyohivyo. Muda wa nani?"