Namba tasa kubwa hailindi pesa za simu

Kuna wanaodai eti namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe) yenye tarakimu 41,024,320, iliyotangazwa Oktoba 2024, ndiyo itakayolinda pesa zetu za simu. Hapo nabisha. Usalama wa benki hutumia namba tasa za tarakimu mia chache tu, tena za siri. Hii aliyoigundua Luke Durant dunia nzima inaijua, itaficha nini? Utamu wake ni umbo: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ili jibu liwe tasa, kipeo sharti kiwe tasa, ila hilo pekee halitoshi. Huku Masasi huwapa wanafunzi kipeo cha 11, wanapata 2,047, wanashangilia wakidhani ni tasa. Kumbe ni 23 mara 89. Korosho 2,047 zinapangika safu 23 bila kubaki hata moja. Walimu wa Lindi, nyie mnawaonyeshaje?