Sita nukta nane

Kabla hamjaendelea kuniita Mizani, nipeni nafasi nijieleze. Chalii aliyesambaza habari za siku niliyompeleka mtoto kupimwa uzito kliniki alikuwa nje ya geti, ndani ya gari lake, na alichokiona kwa macho yake ni kimoja tu: mimi natoka mbio kuelekea bombani. Hayo ya kwamba nililia, sijui nilimwacha mtoto ananing'inia, katia chumvi mwenyewe. Mtoto hakuachwa. Nesi alikuwa kamshika.

Mnaijua Arusha ya masika. Wageni hakuna, Land Cruiser ziko gereji zinabadilishwa bushi, na sisi madereva wa watalii tunashinda nyumbani. Mama watoto siku zake 84 za likizo ya uzazi zimeisha, karudi kazini. Chanjo ya wiki ya 14, piga hesabu mwenyewe, ni siku ya 98. Nani ampeleke mtoto kliniki? Mimi, ambaye siku zangu 3 za kisheria ziliisha kabla kitovu hakijadondoka.

Halafu kuna jambo lilikuwa linaendelea mle ndani. Dogo alikuwa hajapata choo tangu wikiendi. Mama mkwe anapiga simu kutoka Marangu kila asubuhi, namwamkia, hajamaliza hata kuitikia, "Mkwe, bado?" Bado, mama. "Mpe basi maji kidogo." Maji hapewi, mama, mpaka atimize miezi 6. Anaguna.

Mimi sikuwa na wasiwasi, nilishauliza. Mtoto anayenyonya tu, akishavuka wiki ya 6 hivi, anaweza kukaa hata wiki nzima bila choo, kwa vile maziwa ya mama mwili unayatumia karibu yote. Unachoangalia ni tumbo liwe laini, ajambe, anyonye vizuri, uzito upande, na choo kikija kiwe laini. Yote hayo niliambiwa. Ujazo hakuna aliyenitajia.

Tukafika, tukakaa kwenye benchi, dogo akaanza kulia njaa. Mama yake alikuwa ameacha maziwa aliyokamua asubuhi. Nje ya friji hayo yana saa 4 tu, na hayapashwi motoni. Unaweka chombo chake ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, basi. Nikamkalisha wima, nikamgusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, akawa anavuta mwenyewe. Humimini, ukimimina anapaliwa. Akamaliza mililita 120. Nikamweka begani, akacheua, kina mama wananiangalia. Nikavimba kichwa.

Hapo nesi akaniita. Kliniki nyingi baba akija na mtoto anapitishwa mbele, ili na wengine wapate moyo wa kuja. Masela wenye watoto, fursa hiyo ipo, ila msiitumie mtoto akiwa ametoka kula. Tumbo la chakula likijaa, utumbo mpana unapewa taarifa uachie nafasi, na kwa mtoto mchanga taarifa hiyo haichelewi. Ningepanga foleni kama watu wengine, mambo yangeishia kwenye pampasi na leo mngekuwa mnanisalimia kwa jina langu.

Kumvua nako kulikuwa na shughuli yake. Kofia, sweta, kile kinguo cha vishikizo katikati ya miguu. Nikakipitisha kichwani, kikakwama masikioni. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu akanionea huruma: "Baba, shusha chini. Unadhani hayo mabega yamelaliana kwa urembo?" Kumbe yamewekwa hivyo ili shingo ya nguo ipanuke, kinguo kitolewe miguuni, hasa kikiwa kimechafuka. Pampasi nayo ikatolewa. Ikilowa ina uzito wake, ukimpima nayo mstari kwenye kadi unapanda kwa uongo.

Mizani yenyewe ni ile ya duara, mwisho kilo 25, kila kistari gramu 100, imening'inizwa kwenye boriti. Unatundika kwanza kisuruali cha kupimia, kile anachokalia mtoto, kikiwa kitupu, unarudisha mshale kwenye 0, ndipo unamvalisha mtoto: mikono yako unaipitisha kwenye matundu kutokea chini, unaidaka miguu yake, unaivuta. Hapo nilipata sifa kutoka kwa nesi. Akaniambia nisimame mbele, nimshike asizunguke, nisome, yeye aandike.

Kusoma geji ndiyo kazi yangu. Ukisimama pembeni mshale unakudanganya, kwa hiyo nikasogea mpaka macho yakawa sawa na mshale, na kifua changu, nifuateni vizuri hapa, kikawa sawa na makalio ya dogo. Nimevaa koti la kazi. Kaki, lenye nembo kifuani.

Mshale unacheza. Baridi ikampiga. Akaanza na mkojo, ule wa mtoto wa kiume aliyevuliwa, unaopanda kwanza ndipo ushuke. Ukanipata kidevuni. Kina mama wakacheka, na mimi nikacheka, nikajua ya leo ndiyo hayo yameisha. Nikajifuta, nikasogea tena.

Sasa kisuruali kile, mtoto akikaa ndani yake, magoti yanapanda yanambana tumbo. Ni mkao uleule tunaofundishwa kumkalisha mtoto mwenye gesi. Jumlisheni wenyewe: mililita 120 tumboni, magoti juu, pampasi hakuna, na mzigo wa tangu wikiendi. Dogo akanyamaza. Akakunja ngumi. Akanitazama machoni, uso umeiva. Bibi akasema, "Baba…" Mimi nikasema, "Sita nukta na…"

Mliowahi kufungua mfuniko wa rejeta injini haijapoa mnajua sauti ile.

Haikudondoka chini, ndugu zangu. Ilitoka mlalo, kupitia tundu la kushoto. Njano, ya moto, na vichembe vyake. Ikaanza na nembo. Ikafuata zipu, ikashuka nayo. Na kwa kuwa mikono nilikuwa nimeinua kumshika, nyingine ikaingia ndani ya mkono wa koti ikatembea taratibu mpaka kwenye kiwiko. Naisikia inavyotembea. Hapo nikapiga hesabu: nikimwachia atazunguka, na nyuma yake wamekaa watu na watoto wao. Nikasimama. Ukaja mkupuo wa pili. Nikasimama. Hilo yule chalii wa kwenye gari hakuwasimulia. Dogo akatabasamu.

Nesi hajainua hata kichwa kwenye kadi: "Baba, hujamalizia. Nane au tisa?" Kisha akatuangalia. Akauangalia mshale, umesharudi 6.6. Akamshika mtoto, akauliza kwa upole kabisa, "Tuandike ipi?"

Bibi akadakia, "Mwandikie yote, si yake?"

Ndipo nikatoka mbio. Kisuruali nimekifua mimi. Dogo tulimfuta kidogo tu, mzigo wote ulikuwa kwangu. Sindano za mapajani akalia, matone ya polio akameza, nikaambiwa uzito kila mwezi na surua-rubela akifika miezi 9. Tukarudi vioo vyote vimeshushwa na mvua inaingia. Koti nimelifua kwa maji baridi na sabuni. Doa la choo cha maziwa linafifia ukianika nguo juani ikiwa bado mbichi, ila jua lenyewe masika hii niletewe na nani.

Jioni nikampigia mama watoto nimsimulie kabla hajasikia kwingine. Sikufika hata kwenye mkojo.

"Kapata choo?"

Kapata.

"Kingi?"

Kingi.

"Asante Mungu. Ngoja nimpigie mama." Akakata.